Uzi: Je, mpwito ndio unaozivua nyota kubwa joho lao, au ni shahidi tu?

#1 Binti_Menengai (Nakuru), Ijumaa, saa 2:40 usiku

Habari za jioni. Tangu Novemba nimekuwa nikipanda juu ya paa la nyumba yetu, upande usiofikiwa na taa za barabara, kuitazama Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya bega la Jabari ambayo vitabu vya Kiingereza huiita Betelgeuse. Kila usiku usio na mawingu hulinganisha mwangaza wake na wa nyota za jirani, kisha huandika makadirio yangu daftarini. Daftari hilo limenithibitishia jambo ambalo wanaastronomia wamelijua kwa muda mrefu, kwamba nyota hiyo haitulii. Hupwita, yaani hutanuka na kunywea, kwa mzunguko wa siku zipatazo 400, na juu ya mzunguko huo kuna mwingine mrefu wa siku zipatazo 2,100.

Linalonileta hapa ni hili. Nyota iliyozaliwa na masi, yaani kiasi cha maada, mara 20 ya ile ya Jua haifiki mwisho wa maisha yake na masi hiyo yote, kwa kuwa njiani humwaga gesi nyingi angani. Kiasi inachobaki nacho ndicho kinachoamua kama itakufa ikiwa jitu kuu jekundu (nyota kubwa iliyovimba na kupoa), jitu kuu la buluu (lenye joto kali zaidi), au kiini kitupu kilichovuliwa joho lake, yaani tabaka lake la nje la haidrojeni. Nadai kwamba mkono unaolivua joho hilo ni mpwito. Nyota ikijitikisa hivyo mwaka baada ya mwaka, gesi ya juu itakosaje kuponyoka? Mwenye hoja ya kupinga ailete.

#2 Fundi_Kondele (Kisumu), saa 2:58 usiku

Napinga kabla sijaketi. Nilisoma mahali kwamba nyota zinazopwita huitwa palsa, na kwamba hupwita mara kadhaa kwa sekunde moja. Siku 400 zimetoka wapi? Nyota ya namna hiyo ni mvivu kuliko mteja anayeniambia atalipa mwisho wa mwezi.

#3 Mwalimu_Maseno, saa 3:25 usiku

Fundi, jina limekupotosha, wala si wewe wa kwanza. Palsa haipwiti, inazunguka. Ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, na miale yake hutupitia kama mwanga wa mnara wa kuongozea meli. Jocelyn Bell alipoigundua ya kwanza mwaka 1967, ishara zilikuja kwa mapigo, na jina la mapigo likakaa. Nyota inayopwita kweli ni ile ambayo mwili wake wote hutanuka na kunywea, na kadiri nyota ilivyo kubwa na gesi yake ilivyo nyepesi, ndivyo wimbi la kanieneo linavyochukua muda mrefu kuivuka. Ibuti la Jauza ina nusu kipenyo cha takriban mara 750 ya ile ya Jua. Tungeiweka mahali pa Jua, ingeimeza Dunia na Mirihi. Siku 400 kwa mwili wa namna hiyo si uvivu.

Binti, nakuja kwenye dai lako. Chukua masi ya mara 17 ya Jua na nusu kipenyo hicho nilichotaja, ukokotoe kasi inayohitajika ili gesi iponyoke kutoka usoni mwa nyota. Utapata kilomita 90 na kitu kwa sekunde. Uso wa nyota unapopwita husogea kwa kilomita chache tu kwa sekunde, kwa hiyo mpwito peke yake hauwezi kuitupa gesi nje. Utainyanyua, nayo itarudi chini. Picha inayotolewa mara nyingi ni kwamba mpwito huinyanyua gesi hadi mahali penye ubaridi wa kutosha ili chembe za vumbi zijiunde, kisha nuru ya nyota huisukuma vumbi, na vumbi huikokota gesi. Hapo mpwito ni ngazi, na nuru ndiyo nguvu.

Tatizo ni kwamba picha hiyo inafanya kazi vizuri kwa majitu mekundu ya kawaida, lakini kwa majitu makuu haijakaa sawa. Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba mifano ya mpwito, na hata mifano ya mchemko wa gesi, haikuweza kuinyanyua angahewa ya nyota hizo hadi urefu ulioonekana kwa darubini.

#4 Mzee_wa_Kakamega, saa 3:41 usiku

Mvua imenyesha huku tangu saa kumi, kwa hiyo nimebaki kusoma badala ya kutazama. Naongeza tu kwamba jambo la nyota kubadilika mwangaza ni la zamani kuliko tunavyodhani. David Fabricius aliiona Mira ikififia mwaka 1596, nayo ni nyota kubwa ya aina hii hii, yenye mzunguko wa siku zipatazo 332.

#5 Mwanafunzi_Njoro, saa 3:50 usiku

Shikamoo Mzee. Mwaka na siku ni sahihi, ila kwa ruhusa yako nisahihishe moja. Mira ni kubwa kwa kipenyo, si kwa masi. Masi yake inakaribia ile ya Jua, nayo itaishia kuwa kibete cheupe bila kulipuka. Nyota tunazozizungumzia hapa ni zile zilizozaliwa na masi zaidi ya mara 8 ya Jua, ambazo viini vyake huporomoka.

Swali langu kwa Mwalimu: mpwito wenyewe unatiwa ufunguo na nini? Mpira ukidunda huishiwa nguvu na kutulia. Nyota haitulii kwa sababu gani?

#6 Mzee_wa_Kakamega, saa 3:54 usiku

Marahaba. Nimekubali sahihisho, na nimelifuta daftarini kwa wino mwekundu.

#7 Mwalimu_Maseno, saa 4:20 usiku

Mwanafunzi, jibu lilianzia kwa Arthur Eddington, ambaye mnamo mwaka 1917 na 1918 alipendekeza kwamba ndani ya nyota kuna kitu kinachofanya kazi kama vali. Fikiria kifuniko cha sufuria. Mvuke ukikusanyika chini yake hukinyanyua. Kikinyanyuka mvuke hutoka. Mvuke ukitoka kifuniko huanguka, na mchezo huanza upya. Katika nyota, kifuniko ni tabaka ambamo atomi zimepoteza baadhi tu ya elektroni zake. Kwa kawaida gesi ikibanwa hupata joto na kuipisha nuru kwa urahisi zaidi. Katika tabaka hilo, nguvu ya kubana huishia kung'oa elektroni badala ya kupandisha joto, kwa hiyo gesi iliyobanwa huzuia nuru zaidi badala ya kuipisha. Nuru hurundikana chini, huisukuma gesi juu, gesi hutanuka, huipisha nuru, kisha hurudi.

Kwa nyota za Sefeidi, ambazo hupwita kwa mpangilio maalumu, tabaka linalohusika ni la heliamu, penye joto la digrii 40,000 hivi. Kwa majitu makuu mekundu ni la haidrojeni. Kwa nyota za buluu zenye joto kali ni la chuma, penye digrii zipatazo 200,000, na hilo halikueleweka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale jinsi atomi za chuma zinavyozuia nuru ilipokokotolewa upya.

#8 Mama_Githeri (Nakuru), saa 4:47 usiku

Nimefunga hoteli sasa hivi, nikakuta mnazungumzia sufuria, basi nina haki ya kuchangia. Mwalimu, kifuniko chako kina kasoro moja. Nimepika githeri kwa miaka mingi, na naweza kuwaambia kwamba kinachomwagika kwenye jiko si kazi ya kifuniko. Maharagwe yakishika moto, mchemko huleta povu kutoka chini, povu hupanda kwa donge moja upande mmoja wa sufuria, na donge hilo ndilo linalomwagika na kuzima makaa. Kifuniko hucheza tu. Ukikiondoa kabisa, povu litamwagika vilevile, na pengine zaidi. Kwa hiyo Binti, huo mpwito wako unafanya kazi gani hasa?

#9 Binti_Menengai, saa 4:59 usiku

Mama, umenivunja mguu wa kwanza wa dai langu. Ila ongeza hili: kifuniko kikiwa juu wakati donge la povu linafika, je, haliwi rahisi zaidi kumwagika?

#10 Dunga_Usiku (Kisumu), saa 5:30 usiku

Mfano wa Mama ni mzuri kuliko yeye mwenyewe anavyojua, kwa kuwa jambo hilo lilitokea mbele ya macho yetu. Baba yangu ni mvuvi wa omena. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi, kwa hiyo wavuvi huijua mbingu yenye giza kuliko watu wengi wa mjini. Februari 2020 tulikuwa ziwani, na Jabari lilikuwa juu. Baba aliniuliza kwa nini bega moja la Jabari limezimika. Nilitazama nikaona Ibuti la Jauza, ambayo siku zote humshinda jirani yake Bellatrix kwa mbali, ikiwa sawa naye kabisa. Ilikuwa imeshuka kutoka magnitudi ya 0.5 hivi hadi 1.6, na kwa wasiozoea kipimo hiki, namba kubwa ni mwangaza mdogo. Sikuwa na intaneti kule majini. Nilidhani ni ukungu wa ziwa.

Baadaye maelezo yalikuja kwa mafungu. Darubini ya anga za juu ya Hubble ilikuwa imeona, katika miezi ya mwisho ya 2019, gesi nzito yenye joto ikisafiri kutoka usoni mwa nyota. Picha zilizopigwa kutoka Chile na kuchapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba nusu ya kusini ya nyota ndiyo iliyotiwa giza, si uso wote. Waliozipiga walisema kwamba sehemu ya uso ilipoa, na gesi iliyokwisha kutupwa juu yake ikageuka vumbi na kutuzibia nuru. Hilo ndilo donge la povu upande mmoja wa sufuria. Hata hivyo, wapo waliosema kwamba donge hilo lilifika usoni wakati mpwito ulikuwa katika hatua ya kutanuka, kwa hiyo lilipata msukumo wa ziada. Binti na Mama, mmegawana.

#11 Fundi_Kondele, saa 5:38 usiku

Githeri imelipuka. Nani anakuja kupangusa jiko?

#12 Mwanafunzi_Njoro, Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Nadhani uzi umekwama kwenye nyota nyekundu, ilhali nyota kubwa huishi sehemu ndefu zaidi ya maisha yake zikiwa za buluu, na wakati huo hupoteza masi bila kuhitaji mpwito wala povu. Upepo wa nyota za buluu hukimbia kwa kilomita 2,000 hadi 3,000 kwa sekunde. Nadharia yake iliwekwa mwaka 1975 na Castor, Abbott na Klein. Atomi za chuma na za metali nyingine hufyonza nuru ya urujuanimno katika mistari mingi mno ya spektra, na kila fotoni, yaani chembe ya nuru, inayofyonzwa huipa atomi msukumo mdogo wa kwenda nje. Jambo lenyewe ni jepesi: nuru huipiga atomi, atomi huwavuta jirani zake, na tabaka zima hutembea.

Kwa hiyo palipo na chuma kidogo upepo ni dhaifu. Katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ambako metali ni kama sehemu moja ya tano ya zile za Jua, nyota kubwa hubaki na masi nyingi zaidi. Mashimo meusi mawili yaliyogongana na kutikisa vipimo vya LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya uvutano, tarehe 14 Septemba 2015 yalikuwa na masi za takriban mara 36 na mara 29 ya Jua. Nyota zilizoyazaa zingekuwa na upepo wa kawaida wa mtaa wetu, zingepungua mno kabla ya kufa zisiweze kuacha mashimo mazito hivyo.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mpwito ndio hatima. Hatima ni chuma.

#13 Binti_Menengai, saa 2:02 asubuhi

Chuma kile kile ambacho Mwalimu katika #7 amesema ndicho kifuniko cha nyota za buluu? Mimi naona mpwito na upepo vinakula sahani moja.

#14 Mwalimu_Maseno, saa 2:30 asubuhi

Hoja nzuri, lakini angalia vipimo. Mimosa, ile nyota angavu ya buluu katika Salibu ya Kusini, hupwita kwa chuma hicho, na mabadiliko yake ni madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni. Haitupi kitu. Faida yake ni nyingine: mipwito yake hutufikishia habari za ndani, kama daktari anavyosikiliza kifua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 uliipa masi ya mara 14.5 ya Jua na umri wa miaka milioni 11, na vyote viwili vilitokana na kusikiliza mipwito hiyo.

Ila nikutetee kidogo. Kwa nyota za Sefeidi, kwa miaka mingi masi iliyopatikana kwa mahesabu ya mageuzi ya nyota ilikuwa kubwa kuliko ile iliyopatikana kwa mpwito. Wengine walisema mpwito umeipunguza nyota njiani, wengine wakasema mahesabu ya kiini ndiyo yenye kasoro. Mwaka 2010 ilipimwa Sefeidi moja iliyo katika mfumo wa nyota mbili, ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, na uzito wake halisi ukatoka mara 4.14 ya Jua, ukikubaliana na ule wa mpwito. Hilo lilionyesha nani alikuwa sahihi kuhusu namba. Halikuonyesha tofauti ilitokana na nini.

#15 Nahodha_Mbita, saa 3:10 asubuhi

Nimefika mwishoni, naomba radhi. Nimesoma kwamba Eta Carinae ililipuka mwaka 1843 ikatupa masi mara 40 ya Jua kwa siku moja. Hiyo si dawa ya mabishano yote haya? Upepo wa nini, mpwito wa nini, ikiwa nyota inaweza kutapika kwa mkupuo?

#16 Mzee_wa_Kakamega, saa 3:45 asubuhi

Nahodha, safari hii ni zamu yangu kusahihisha. Mlipuko ule haukuwa wa siku moja. Ulidumu takriban kutoka 1837 hadi 1858. John Herschel aliuona mwanzo wake akiwa Rasi ya Tumaini Jema mnamo Desemba 1837. Machi 1843 ndio ulikuwa upeo wa mwangaza, wakati Eta Carinae ilipokuwa ya pili kwa uangavu mbinguni baada ya Shira, ingawa iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 7,500. Kuhusu masi, inayotajwa kwa uhakika ni angalau mara 10 ya Jua. Namba ya 40 ni ya juu kabisa katika makadirio. La ajabu kuliko yote ni kwamba nyota haikufa. Bado ipo, ndani ya mawingu mawili iliyoyatupa yenyewe.

Mwezi huu, mwenye kuamka saa tisa usiku ataikuta upande wa kusini, kiasi cha digrii 30 juu ya upeo wa macho. Usingizi wa wazee ni mfupi, kwa hiyo mimi huiona mara nyingi. Haivutii kwa jicho tupu, lakini ukijua ilichokifanya unaitazama kwa heshima.

Chanzo cha mlipuko ule hakijakubaliwa. Wapo wanaosema nuru ya nyota ilizidi uwezo wa uvutano kuishikilia gesi. Wapo wanaosema tabaka za juu zilipwita kwa fujo hadi zikapasuka. Na kwa kuwa Eta Carinae ina mwenza anayeizunguka kwa miaka 5.5, wapo wanaosema zamani zilikuwa nyota tatu, mbili zikaungana.

#17 Dunga_Usiku, saa 4:20 asubuhi

Mzee amegusa pale nilipokuwa nikielekea. Mwaka 2012 mwanaastronomia Hugues Sana na wenzake walichapisha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota zenye masi kubwa kabisa hubadilishana gesi na nyota mwenza wakati fulani wa maisha yao. Ikiwa hivyo ndivyo, nyingi zimevuliwa joho na jirani, si na upepo wala mpwito.

#18 Fundi_Kondele, saa 4:26 asubuhi

Jina lake ni Sana, na amesema sana. Huku Kondele tulijua zamani kwamba anayekuvua koti si upepo bali jirani.

#19 Binti_Menengai, saa 5:15 asubuhi

Fundi, umenichekesha, lakini hesabu iko upande wako, na inaniuma kuisema. Nimekaa na kikokotoo tangu asubuhi. Ibuti la Jauza hupoteza takriban sehemu moja kwa milioni ya masi ya Jua kila mwaka. Kwa kipimo cha kawaida hicho ni kiasi cha kutisha, kwa kuwa ni kama theluthi moja ya masi ya Dunia nzima, kila mwaka. Upepo wa Jua letu ungehitaji miaka milioni 150 hivi kutoa Dunia moja tu. Lakini hatua ya kuwa jitu kuu jekundu hudumu kama miaka milioni moja, na milioni moja mara sehemu moja kwa milioni ni masi moja ya Jua. Nyota yenye masi 17 ikitoa moja inabaki na joho lake karibu lote. Upepo wa kawaida, uwe wa mpwito au wa povu, haulivui joho hilo.

#20 Mwanafunzi_Njoro, saa 5:40 asubuhi

Na namba zilizotumiwa zamani zilikuwa kubwa kuliko hiyo. Vipimo vipya vya makundi ya nyota vimezishusha, kwa hiyo hesabu yako inazidi kupata nguvu. Ila kuna ushahidi unaokwenda kinyume. Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani aligundua supanova, yaani mlipuko wa nyota, iitwayo SN 2023ixf katika galaksi ya M101. Picha za zamani zilionyesha kwamba nyota iliyolipuka ilikuwa jitu kuu jekundu lililofunikwa vumbi, na kwamba mwangaza wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 1,000 na kitu. Isitoshe, mawimbi ya mlipuko yalikuta gesi nzito karibu kabisa na nyota, jambo linaloashiria kwamba katika miaka yake ya mwisho ilimwaga kwa kasi kubwa kuliko ile ya maisha yake yote. Hesabu ya Binti inadhani kwamba nyota hutoa kwa kipimo kimoja siku zote. Je, ikiwa hutoa kidogo kidogo kisha mwishoni hufungua bomba?

#21 Binti_Menengai, saa 5:44 asubuhi

Mwanafunzi, umenirudishia nusu ya dai langu. Kubwa ilivyo, mzunguko mrefu hivyo ni mpwito wenye nguvu.

#22 Mwalimu_Maseno, saa 6:20 mchana

Polepole. Mzunguko mrefu si lazima uwe mpwito. Tazama siku 2,100 za Ibuti la Jauza. Mwaka 2023 kundi moja lilidai kwamba huo ndio mpwito wake wa msingi, na kwa sababu hiyo nyota iko katika uchomaji wa kaboni, yaani mlipuko uko karibu sana. Mwaka huo huo wengine walijibu kwamba dai hilo linahitaji nyota iwe kubwa kuliko kipenyo kilichopimwa. Mwaka 2024 kukaja maelezo mengine, kwamba siku 2,100 ni mzunguko wa nyota ndogo mwenza, na Julai 2025 waliotumia darubini ya Gemini Kaskazini, Hawaii, walitangaza kuwa wameona nukta hafifu pale palipotabiriwa. Dalili yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo wenye tahadhari wanangoja. Mzunguko mmoja, maelezo mawili yanayobishana, na kila moja lina mwisho wake wa nyota.

#23 Nahodha_Mbita, saa 7:05 mchana

Kama mlipuko uko karibu, sisi wa ziwani tutaungua?

#24 Mwalimu_Maseno, saa 7:12 mchana

Hapana. Iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 500. Utapata nyota inayoonekana mchana, na samaki wako watabaki wabichi.

#25 Mzee_wa_Kakamega, saa 9:30 alasiri

Kabla hamjaipa ushindi hoja ya jirani wala ya bomba, kumbukeni nyota iliyolipuka Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan. Wote walitarajia nyota nyekundu. Iliyolipuka ilikuwa ya buluu. Ilizungukwa na pete tatu za gesi zilizotupwa miaka ipatayo 20,000 kabla. Waliosema metali chache ndizo zilizoifanya kuwa ya buluu walikuwa na hoja. Waliosema ilimeza mwenza wake walikuwa na hoja, na pete zinawasaidia.

Na kuna zile zinazokosekana. Tukihesabu majitu makuu mekundu yaliyoonekana kabla ya kulipuka, tunapata masi hadi mara 17 hivi, ilhali mbinguni tunayaona yenye masi hadi mara 25. Yale makubwa huenda wapi? Huenda yanaporomoka kimya kimya na kuwa mashimo meusi. Huenda yanavua joho na kurudi kuwa ya buluu kwanza. Huenda vumbi lake linatudanganya tukayapima kwa uchache. Nyota moja katika galaksi ya NGC 6946 iling'aa kidogo mwaka 2009 kisha ikatoweka, watu wakashangilia kwamba wameiona ikizaliwa shimo. Darubini ya James Webb ilipoangalia ikakuta bado kuna kitu pale kinachong'aa kwa miale isiyoonekana kwa macho.

#26 Mama_Githeri, saa 10:15 alasiri

Nimesoma yote kati ya wateja. Naona hoja tano na hakuna hata moja iliyoshiba. Mimi nabaki na povu langu.

#27 Dunga_Usiku, saa 11:02 jioni

Badala ya kubishana tu, tupime. Tangu ule ufifio wa 2020 mpwito wa siku 400 umekuwa umevurugika, na wapimaji wengi waliona mzunguko mfupi wa siku zipatazo 200 ukichukua nafasi yake, kana kwamba kumwaga kule kuliutikisa mwili wote wa nyota. Hilo Binti hakulitaja: huenda si mpwito unaosababisha umwagaji, bali umwagaji unaoharibu mpwito. Leo hakuna mwezi mapema. Saa mbili na nusu usiku kila mtu akadirie magnitudi kwa kulinganisha na Procyon, yenye 0.4, na Aldebaran, yenye 0.9. Asimwambie mwenzake hadi saa tatu.

#28 Binti_Menengai, saa 3:00 usiku

Nakuru, anga safi, upepo kidogo: 0.6.

#29 Dunga_Usiku, saa 3:01 usiku

Dunga, ukungu mwembamba upande wa ziwa lakini nyota iko juu ya ukungu: 0.5.

#30 Mzee_wa_Kakamega, saa 3:03 usiku

Mawingu. Nimeona Shira tu kwa dakika mbili.

#31 Fundi_Kondele, saa 3:09 usiku

Mimi nimepata 1.0. Nimerudia mara tatu. Nyota inafifia tena, nimekuwa wa kwanza kuiona, andikeni jina langu.

#32 Binti_Menengai, saa 3:11 usiku

Fundi, hali ya anga kwako ikoje?

#33 Fundi_Kondele, saa 3:14 usiku

Safi kabisa. Ila jirani anachoma takataka upande huo huo wa mashariki.

#34 Mwalimu_Maseno, saa 3:16 usiku

Hongera, Fundi. Umerudia ugunduzi wa 2021 kwa gharama ndogo sana.

#35 Fundi_Kondele, saa 3:20 usiku

Basi niandikieni 1.0, na pembeni muweke neno "moshi". Kesho nitampelekea jirani barua.